Friji ya Kushonwa

Ukiingia mtaa ule kwa upande wa soko, huna haja ya kuuliza njia. Hesabu milango minne mkono wa kulia, utakuta friji saba au nane zimepangwa nje, nyingine hazina milango, nyingine hazina matumbo, na juu yake kibao kilichoandikwa FUNDI BARIDI. Chini ya jina, kwa herufi ndogo: Hatushindwi.

Mwenye kibao alikuwa mzee wa miaka sitini na mbili, mfupi, mwenye sauti ya kuwatosha watu wawili. Alikuwa amezifufua friji za mabucha, za mabaa na za maduka ya soda, na ile ya chanjo pale zahanati aliifufua Ijumaa jioni wakati wenzake wote wameshaikatia tamaa. Hiyo ya chanjo usimwulize, maana hutaondoka. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Hili la Baridi alilipata kwa jasho, na alilivaa mgongoni kila siku iendayo kwa Mungu, limetariziwa kwa uzi wa manjano kwenye koti lake la kazi la buluu. Aliyelitarizi ni mkewe.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke mrefu wa maneno machache, mashine yake iko chumba cha mbele karibu na dirisha. Mwaka wa kumi na moja sasa alikuwa na kisukari, anajichoma sindano asubuhi na jioni kabla ya kula. Dawa yenyewe ni ya kudekezwa: haitaki joto hata kidogo. Kwa hiyo tangu alipoanza kuugua hakuwahi kulala nje ya mji ule. Arusi za ndugu alituma nguo, misiba alituma rambirambi. "Mbuzi hula urefu wa kamba yake," alikuwa akisema, na kamba yake yeye ilikuwa urefu wa waya wa friji.

Basi siku moja simu ikalia. Alikuwa binti yao, kitinda mimba, aliyekuwa mbali akisomea kuendesha treni. Miaka sita! Alianza kwa kufuta mafuta kwenye injini, akawa msaidizi wa dereva, akafanya mtihani akaanguka, akaufanya tena.

"Baba, nimepita! Jumamosi saa tatu asubuhi naendesha treni ya abiria. Mimi mwenyewe. Nataka mama akae behewa la kwanza."

"Atakuja!" Fundi Baridi akajibu, mkewe hata hajafungua mdomo.

Stesheni ya treni hiyo ilikuwa mwendo wa siku mbili kwa basi. Simu ilipokatika mkewe aliweka mkasi chini. Macho yake yalikuwa yamelowa, na ndani yake kuna tamaa ambayo mumewe hakuwa ameiona miaka mingi.

"Na dawa?" akauliza.

Fundi Baridi akacheka mpaka akakohoa. "Mama watoto! Habari ya baridi unamwuliza nani?"

Siku tatu hakupokea kazi ya mtu. Alikata bati akalikunja sanduku, ndani akalipiga sponji nene aliyoibandua kwenye ukuta wa friji mbovu, mfuniko akautia mpira wa mlango usiopitisha hata pumzi. Kisha barafu. Barafu tupu ingeyeyuka kabla ya jioni, hilo alilijua, ila alijua pia siri ya kazi yake: barafu ukiitia chumvi inakuwa kali maradufu. Akatia chumvi ya mawe, mikono miwili iliyojaa. Akatumbukiza kipimajoto, akafunga, akanywa chai taratibu, akafungua. Nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri.

"Njooni muone!" akawaita majirani.

Kinyozi wa mlango wa pili akaja na mkasi mkononi, akachungulia. "Fundi, humu hata samaki wa mwezi mzima angefika anatabasamu."

Mkewe alipoambiwa alete dawa yote, alisimama kidogo mlangoni. Akalitazama sanduku, akamtazama mumewe alivyovimba kwa furaha, akaingia ndani akarudi na chupa mbili mpya ndani ya vipakiti vyake. "Hizi hapa," akasema.

Vipakiti havikuingia vizuri kwenye nafasi fundi aliyoiacha katikati ya barafu, akavichana akavitupa, pamoja na zile karatasi zilizokunjwakunjwa ndani yake.

"Si ungesoma kwanza?" kinyozi akauliza.

"Karatasi inifundishe mimi baridi? Mimi?"

Haya. Alhamisi alfajiri wakapanda basi. Sanduku alilipakata mapajani kama mtoto mchanga, na kila aliyekaa karibu alipata habari zake: bati la namna gani, mpira wa namna gani, nyuzi ngapi. Mkewe alikaa dirishani, mkoba miguuni, amening'iniza kwenye ndoano ya pazia kitu cha kitambaa kilicholowa maji. Basi likisimama, anakishusha, anakimwagia maji ya chupa, anakirudisha. Mumewe alidhani ni taulo la kujifutia jasho. Hakuuliza. Mtu mwenye sanduku lile angeulizaje habari za taulo?

Mkewe yeye alikuwa anatazama nje tu. Aliona mto, akamgusa mumewe bega. Aliona mnara, akamgusa tena. Miaka kumi na moja, jamani.

Saa kumi na moja jioni walifika mji wa katikati ya safari, wakapanga chumba kwenye nyumba ya wageni, kitanda kimoja, meza moja, dirisha linaloangalia ua. Mkewe akakining'iniza kile kitambaa chake dirishani, akachukua kanga akaenda kuoga. Fundi Baridi akaona amwandalie kila kitu mezani, akitoka akute sindano, dawa na chakula vimepangwa. Akafungua sanduku kwa mbwembwe ingawa hakuwa na mtazamaji.

Chupa zote mbili zilikuwa nyeupe. Akaigonga moja kwa ukucha: ngumu kama jiwe.

Akaishika kiganjani mpaka ikayeyuka. Akainua kwenye mwanga wa dirisha, akaona vipande vyembamba vinaelea, mithili ya maziwa yaliyokatika. Akakumbuka friji ya chanjo ya zahanati, siku ile aliyoifufua. Nesi alimwekea kidole kwenye kile kitufe cha kurekebishia ubaridi akamwambia, "Hapa, katikati. Isishuke zaidi ya hapa." Naye akaweka pale pale, akashukuriwa, akaenda zake kujisifu. Miaka yote hiyo hakujiuliza isishuke kwa nini.

Alitoka mbio, koti linampepea mgongoni. Duka la dawa la kwanza, hawana. La pili, mwanamke mwenye miwani akaichukua ile chupa, akaitikisa, akatikisa na kichwa.

"Mzee, hii iliganda?"

"Kidogo."

"Hakuna kuganda kidogo. Hii imekufa. Hata ikiyeyuka haifanyi kazi tena, na aina hii mimi naipata Jumatatu."

Jumatatu! Leo ni Alhamisi. Alirudi akitembea, miguu mizito kana kwamba ameazima ya mtu mwingine. Alipiga hesabu kila upande ikagoma. Hakukuwa na njia ila basi la asubuhi la kurudi nyumbani, kwa nesi wao, na mama wa watu asiione treni ya mwanawe. Miaka sita mtoto amesota, miaka kumi na moja mama amefungwa, na aliyekuja kuharibu ni yeye, bingwa, mtu wa kibao. Alitamani koti lile alivue alitupe mtaroni. Alipofika mlangoni alisimama kwanza, akapiga moyo konde, akasukuma.

Mkewe alikuwa ameketi kitandani, nywele zimelowa, sahani ya wali mbele yake, kijiko mkononi. "Ulienda wapi? Chakula kinapoa."

"Usile!" akapiga kelele. "Mama watoto, weka kijiko chini. Nimekuharibia. Dawa nimeigandisha. Nilitia chumvi, nikatupa karatasi, sikumwuliza nesi, sikumwuliza mtu. Nimezunguka mji mzima hakuna. Kesho turudi." Akakaa sakafuni, mgongo ukutani. "Mimi ni mjinga."

Mkewe akatafuna, akameza.

"Nimeshachoma," akasema.

"Umechoma nini?"

"Sindano. Ulipokuwa unazunguka mji mzima."

Akanyoosha mkono dirishani akalishusha lile taulo. Kumbe si taulo. Ulikuwa mfuko, mrefu kama kiganja na nusu, umeshonwa kwa mishono midogo iliyonyooka, mishono ya mtu anayejua kazi. Akaufungua kifungo, akatoa chupa ya dawa iliyotumika kidogo, safi, angavu kama maji ya kisima.

"Wewe ulisema nilete yote, nami nilikuletea yote mpya," akasema. "Hii ninayotumia huwa nakaa nayo mwenyewe. Ina siku kumi na mbili ndani yake. Safari yetu siku sita."

Kwa kuwa fundi ni fundi tu hata akiwa kwenye aibu, mikono ya Fundi Baridi ikauchukua ule mfuko bila kuomba ruhusa. Nje ni kitambaa kizito cha marekani. Katikati pamba iliyotandazwa na kushonwa mistari mistari isikusanyike upande mmoja. Ndani kabisa, kijimfuko cha kitambaa cha mwavuli, ili chupa isilowe. Akaingiza kipimajoto, akaurudisha dirishani kwenye upepo, akasubiri. Chumbani nyuzi thelathini na moja. Ndani ya mfuko, ishirini na moja.

"Maji yanakauka," akasema polepole, "yakikauka yanaondoka na joto. Ndivyo inavyofanya gesi kwenye friji. Ni kitu kile kile." Akageuka. "Mama watoto, hii ni friji!"

"Ni mfuko."

"Ni friji nakwambia! Haina kompresa, haina waya, haina gesi, lakini ni friji. Nani alikufundisha?"

"Mtungi wa maji jikoni. Na nesi aliniambia chupa ikishafunguliwa haitaki barafu, inataka kukingwa na joto tu."

"Tangu lini unayo?"

Mkewe akafunika sahani, maana aliona mazungumzo hayataisha upesi. "Huu ni wa tatu. Wa kwanza niliushona mwaka wa pili wa kuugua, ulipong'oa kompresa ya friji yetu ukampa mwenye bucha. Ulisema siku tatu. Ikakaa miezi mitano. Ilipopona hiyo, ukatoa mlango kwa ajili ya mwenye baa. Halafu ukatoa mota. Baba watoto, ile friji yetu katika miaka kumi na moja imekaa nzima labda miwili. Chupa mpya nilikuwa naziacha kwa nesi, nachukua moja moja, hadi zile mbili za safari hii. Ndiyo maana sikulala nje ya mji: mfuko ukinishinda, nesi yuko karibu."

Mganga hajigangi, walisema wahenga, na siku hiyo Fundi Baridi alielewa walikuwa wanamsema nani. Miaka yote alikuwa akiwaambia watu, "Mke wangu hajakosa baridi hata siku moja," naye mkewe yuko pale pale, kwenye cherehani, anapiga mshono, mfuko umening'inia dirishani nyuma ya kichwa chake. Wateja waliuona. Nesi alijua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na yeye aliyelala nyumba moja nao hakuijua.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Mji mzima unakuita Fundi Baridi, mimi ndiyo nitoke niseme kwangu baridi hakuna? Jina lenyewe nimelitarizi kwa mkono wangu."

"Na zile mbili? Kwa nini ulinipa nikaziue?"

"Mtu amejenga sanduku siku tatu kwa ajili yangu, nimnyime cha kuweka ndani?" Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Chumvi ndiyo sikuijua."

Mzee alicheka, na katikati ya kicheko akagundua analia, akajifuta kwa mkono wa koti. Aibu ilimwuma, tusimfiche, ilimwuma kweli kweli. Lakini alipoushika tena ule mfuko, akapitisha kidole kwenye mishono, akakuta pale kwenye pembe mkewe amekunja kitambaa mara mbili maji yasivuje yakaenda ovyo, kifua chake kikaanza kupanda. Alikuwa anaijua hali ile. Ni majivuno. Yalikuwa yamerudi, tena makubwa kuliko ya sanduku, ila safari hii hayakuwa ya kazi yake.

Asubuhi sanduku la bati alimwachia mama mwenye nyumba ya wageni, akamwambia, "Weka soda, usiweke kitu chenye uhai." Mfuko akaubeba yeye. Na ole wao waliopanda basi lile!

"Mnauona huu? Friji! Ameshona mke wangu. Kwa cherehani ya miguu!"

"Baba watoto, watu wamelala," mkewe akamvuta koti.

"Waamke waone."

Na waliamka, maana mwanamke mmoja aliyekaa nyuma alikuja mbele akaomba aushike, akasema mwanawe ana ugonjwa huo huo na hawajawahi kumpeleka kwa bibi yake kwa sababu ya dawa. Mke wa fundi akatoa chaki ya kushonea kwenye mkoba, akamchorea vipimo nyuma ya tiketi. Alieleza kwa sauti ndogo, lakini alieleza yote, marekani kiasi gani, pamba kiasi gani, na kwa nini mwavuli. Fundi Baridi alinyamaza kimya akisikiliza, jambo ambalo watu wa mtaani kwao wasingeliamini.

Saa sita mchana tairi likapasuka mahali pasipo na kivuli, wakakaa saa tatu juani. Maji ya kuuza hayakuwepo. Mzee alikuwa na chupa moja ya kunywa. Aliifungua, akaulowesha mfuko, akaushika juu kwa mkono mmoja na kuupepea kwa kofia mkono wa pili. Mkewe alimwambia anywe walau funda moja. Akakataa, midomo imemkauka, jicho kwenye kipimajoto. Hakikuvuka nyuzi ishirini na nne. Jioni walifika, mama akachoma sindano yake, akala, akalala vizuri.

Jumamosi saa mbili na nusu walikuwa stesheni. Kichwa cha treni kilikuwa kinanguruma, na mlangoni mwake alisimama binti yao, suruali imenyooka, kofia imekaa sawasawa. Akaruka chini.

"Shikamoo mama! Shikamoo baba!"

"Marahaba mwanangu, marahaba," mama akasema, akamshika mashavu.

Mkuu wa stesheni akaja na saa yake mkononi, akasoma mgongo wa koti, akapiga makofi. "Kumbe ndiye! Mzee, sisi hapa tunakujua. Huyu binti alipoanguka mtihani wa kwanza nilimwambia aache. Akanijibu: baba yangu amemlinda mama miaka yote na baridi yake, hajashindwa siku hata moja, mimi nitashindwaje na injini? Fundi Baridi, nipe mkono!"

Binti alikuwa anamtazama babake, macho yanang'aa. Mkewe akamfinya mkono kwa chini, maana yake: nyamaza, pokea. Na mzee angeweza kupokea. Ilikuwa tamu mno sifa ile, na mtoto ana treni ya kuendesha.

"Mkubwa, umekosea kidogo," akasema. Sauti yake ya watu wawili ilikuwa imepungua ikawa ya mmoja. Akalivua koti, akalikung'uta vumbi la safari, akamvika mkewe mabegani na kulinyoosha herufi zionekane. "Fundi Baridi ni huyu hapa. Mwanangu, mimi nilikuwa nang'oa vyuma vya friji nyumbani, yeye ndiye aliyekuwa anailinda dawa. Kwa huu mfuko. Juzi mimi nimeigandisha, yeye akaiokoa. Kwa hiyo uliyosema ni kweli yote, ulikosea mtu tu."

Binti akautazama mfuko. Alikuwa ameuona dirishani tangu utoto wake, akidhani ni wa vifungo. Akamtazama mama, akainyoosha kofia yake ambayo tayari ilikuwa imenyooka, akampigia saluti. Mama akafunika mdomo kwa mkono. Kisha honi ikaita, binti akapanda, na saa tatu kamili, si dakika zaidi, treni ikaondoka laini kiasi kwamba chai kwenye vikombe haikutikisika.

Behewa la kwanza, kiti cha dirishani, mama alikuwa ameutundika mfuko wake kwenye upepo na koti liko mabegani. Abiria wa kiti cha nyuma akayasoma maandishi, akamgusa.

"Samahani mama, wewe ni fundi wa friji? Yangu inawaka lakini haigandishi."

Mke wa fundi akageuka akamtazama mumewe, aliyekuwa ameketi na shati tupu, mfupi, kifua mbele.

"Ndiyo," akajibu. "Hatushindwi. Mweleze msaidizi wangu."

Naye msaidizi akasimama wima, akatoa bisibisi mfukoni, akauliza kwa adabu friji yenyewe ni ya mwaka gani.